Koti la Baba na Pua Yangu

Kasubi,
Jumapili asubuhi

Kwa kaka yangu mpendwa Olal,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi dada yako Rosalba. Hujambo huko Port Bell? Kifua chako kinastahimili baridi ya ziwa? Mimi ni mzima, ila moyo hautulii. Nimekaa, nimesimama, nimefagia ua mara mbili na jua bado halijapanda. Simu zangu hupokei tangu tumzike Baba, miezi miwili sasa, basi nimeona niandike.

Nianze na pua, maana yote yanatoka huko. Unakumbuka kule kambini kwa polisi nilivyokuwa napiga chafya hadi Baba akaniita King'ora. Mwaka huu zilizidi. Pale Kalerwe ninapouza mukene, wale dagaa wakavu, wateja walinikwepa wakidhani nina mafua ya kuambukiza. Jirani yangu wa meza, Marie-Louise, Mkongo asiye na subira, akanishika mkono mpaka zahanati. Muuguzi akasema si mafua, ni mzio: vumbi, nyasi kavu, manyoya ya kuku. Akanipa dawa ya kupuliza puani kila siku, akanifundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, akaniagiza nivae barakoa ninapopepeta. Nilidharau, lakini nilifuata. Wiki ya pili nikaanza kunusa tena, na cha kwanza kunusa kikawa mukene wangu mwenyewe. Marie-Louise alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama siku zote hizo nilidhani nauza maua.

Sasa vumilia, Kaka, usiichane karatasi. Muuguzi alipotaja nyasi kavu, nilikumbuka matanga. Unazikumbuka zile walizotandaza chini ya turubai, wanawake tulalie siku tatu? Macho yangu yalivimba, pua ikatiririka, na ukoo mzima ukanisifu kwa kumlilia mzazi. Wewe ulibeba maji na kupanga viti, macho makavu. Ndipo Shangazi akasema mbele ya watu ati huyu kijana iko na roho ya jiwe. Akachukua koti la Baba la kazi, lililokuwa haki yako mtoto wa kwanza, akanivika mimi. Ukaondoka bila kuaga.

Mficha uchi hazai, Kaka. Sikumlilia Baba hata tone moja. Sikujua kwamba ni nyasi, lakini nilijua si huzuni, maana ndani nilikuwa mtupu na nilijionea aibu. Wakakutukana, mimi nikanyamaza, kwa sababu zile sifa zilikuwa tamu. Nisamehe.

Juzi nililitoa koti sandukuni. Nikanusa rangi ya viatu, sabuni ya mche, na ile tumbaku aliyokuwa akimficha Mama. Nililia, Olal, nililia mpaka jirani akagonga mlango. Jana nikampigia Shangazi nikamweleza yote. Alinitukana vya kutosha, kisha akauliza kama wewe unakula vizuri.

Mwenye boda aliyekuletea barua hii ana mfuko wa plastiki. Koti limo humo. Sikulifua, nawe usilifue upesi. Lifungue ukiwa peke yako.

Nisalimie wifi Babra na watoto, na ukiwa na nafasi, pokea simu.

Ni mimi dada yako,
Rosalba, King'ora wa Baba