Miksi ya Tano

Jumatatu, 3 Machi

Nyimbo tatu leo. Mbili zimerekodiwa chini ya mabati mvua ikinyesha. Ya tatu ina jogoo. Jogoo anaingia kwenye kiitikio, tena kwa wakati wake, jambo ambalo mpiga ngoma hakuliweza. Nimeandika: "Kazi safi, ndugu. Sauti yako ina uzito. Ukirudia, funga dirisha." Kuhusu mpiga ngoma nimenyamaza.

Ndiyo kanuni ya grupu letu la WhatsApp, la watu wanaojirekodi nyumbani. Sifa kwanza, kasoro katikati, moyo mwishoni. Kama kumpa mtoto dawa chungu kati ya vijiko viwili vya sukari. Ni watu wa Homa Bay na Migori, kila mmoja na chumba chake, godoro limeegemezwa ukutani, simu mkononi, anatafuta sikio. Sikio ni mimi. Ndilo jina ninalotumia pale: Sikio. Wananiita bro, mkuu, prodyusa. Hakuna aliyewahi kuuliza kama mkuu ni mjane wa Kosele anayeshona kanzu za kwaya ya Pasaka. Sijasema uongo. Sijasema kitu.

Kusikiliza nilijifunzia matangani. Marehemu mume wangu, Owino, alikuwa na spika za kukodisha, harusi na mazishi, hasa mazishi. Yeye alikaa kwenye vitufe. Mimi nilisimama mwisho wa boma nikimwonyesha kwa mkono: ongeza, punguza, hapo hapo. Miaka yote ya ndoa tuliongea hivyo. Hatukugombana sana. Alipofariki mashemeji waliuza spika. Hedifoni waliiacha kwa kuwa ni mbovu. Mimi ndiye niliyewaambia ni mbovu.

Jumatano, 5 Machi

Awuor ametuma miksi ya tano, yaani wimbo ule ule aliouchanganya upya mara ya tano.

Huyu hapitii grupu. Ananitumia mimi kwanza, peke yangu. Msichana wa Mbita. Anaanika na kuuza omena, dagaa wa ziwani, anaimba chumbani kwa shangazi yake, binamu yake anapiga gita. Hedifoni hana. Anajaribu nyimbo zake kwa kuweka simu ndani ya sufuria tupu ili zivume, na kwenye sufuria huwezi kujua besi iko wapi. Ndiyo maana ananiamini. Ndiye pekee aliyewahi kunipigia. Aliposikia sauti ya mwanamke akakata, akapiga tena. "Kwani Sikio ni mama?" Tangu hapo ananiita mama. Anapiga karibu kila siku, kuhusu wimbo, halafu kuhusu omena, halafu kuhusu chochote.

Nimesikiliza mara mbili. Imeisha. Sauti imekaa mbele bila kusukuma mtu. Gita liko nyuma yake kama anayemsindikiza. Katikati, gita linapopunguza mwendo, pale ambapo kila mwimbaji wa huku huwataja watu wake na kuwarushia sifa, anacheka kidogo kabla ya jina la kwanza. Kicheko kama hicho hakipangwi. Halafu majina: shangazi, binamu, wanawake wa ufuoni, kila mmoja na sifa zake. Nimetafuta kasoro. Hakuna.

Nimemwandikia: "Umekaribia sana. Besi imezidi kidogo."

Besi haijazidi.

Nimeandika hivyo kwa sababu wimbo ukiisha hatapiga tena. Basi. Sina sababu nyingine iliyo nzuri zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Hajapiga. Bila shaka anapunguza besi.

Bwana mmoja wa Migori mjini ametuma wimbo wenye mwangwi mwingi hadi unadhani ametumbukia kisimani na ameamua kutumia nafasi hiyo kuimba. Nimemwambia mwangwi ni kama chumvi. Amejibu kwamba yeye hupenda chumvi. Sawa.

Kanzu mbili. Kola zimekaa vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Miksi ya sita. Besi amepunguza kweli. Wimbo umekonda kama mtu aliyetoka hospitali. Nimemwambia arudishe nusu. Na kwa kuwa nimeshaanza, nikaongeza kwamba ubeti wa pili una kitu. Kitu gani, akauliza. Nikasema hata mimi sijui, lakini kipo. Hakuna sentensi kama hiyo katika kazi hii. Mtu hawezi kuipinga. Anachoweza ni kurudi kuimba.

Tumeongea hadi sikio likapata moto. Mama anayeuza chapati mlango wa pili ameniuliza nacheka na nani. Nimesema mteja.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani spika zimepiga mluzi kuanzia sala ya kwanza hadi matangazo. Nimekaa, mikono mapajani. Hakuna aliyeniuliza. Hawajui kama najua.

Mwanangu amepiga kutoka Nairobi. Mzima? Mzima. Mvua? Ipo. Haya mama, tutaongea. Hatutaongea.

Halafu Awuor, na habari kubwa. Kuna redio Homa Bay inapokea nyimbo za waimbaji wapya mpaka Ijumaa hii. Watakazozipenda watazipiga hewani, na atakayechaguliwa ataingia bendi moja ya Migori. Kwa Awuor si mchezo. Mvua imelowesha omena yake mara mbili sasa, ikaoza, akalisha bata wa jirani. "Mama, hii ndio mlango yangu," amesema. "Nikikosa hii nitaanika omena mpaka nizeeke. Sasa niambie ukweli. Imebaki nini?"

Ninajua imebaki nini. Imebaki kutuma.

Nimesema: "Ubeti wa pili."

Kisha akaniuliza nimezaliwa wapi, hivi hivi tu, kama mtu anayenyoosha miguu. Nikamwambia Ogwedhi, nikaolewa huku. Nikamweleza soko la ng'ombe, vumbi lake, wanunuzi wanaotazama meno ya fahali na kutikisa kichwa hata kama meno ni mazuri, ili mwenyewe apoteze imani. Nilipofika hapo nikabadilisha mazungumzo.

Jumanne, 11 Machi

Miksi ya saba. Ameimba wimbo wote upya. Koo limechoka, unalisikia kwenye noti za juu, kama kitambaa kilichofuliwa sana. Kile kicheko hakipo. Ameweka kingine cha makusudi. Kibaya.

Shangazi yake naye amechoka. Nimemsikia nyuma ya simu: "Awuor! Hiyo wimbo imekuroga? Hata kuku wanaijua sasa!" Awuor akacheka, nami nikacheka. Kisha akaniambia binamu amegoma kupiga gita. Anasema, huyo Sikio wako ana shida yake mwenyewe.

Binamu ana sikio zuri.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema: "Pumzisha koo. Kesho rudia."

Nimeshona mkono wa kanzu nje ndani. Nimeufumua.

Jumatano, 12 Machi

Miksi ya nane. Amenitaja.

Katikati, baada ya wanawake wa ufuoni: nyar Ogwedhi, mama wa wimbo huu, anayesikia hata nisichoimba.

Nyar Ogwedhi. Binti wa Ogwedhi. Mwanamke aliyeolewa huku huitwa kwa jina la kwao, ila mimi aliyeniita hivyo alikuwa Owino peke yake, tena kwa maikrofoni, akijaribu spika kabla waombolezaji hawajafika. Kwa wengine mimi ni fundi. Tangu tumzike Owino sijaitwa hivyo.

Nimerudisha pale mara nyingi. Sitaandika ngapi.

Miksi yenyewe ndiyo mbaya kuliko zote.

Alhamisi, 13 Machi

Sijashona. Nimevaa hedifoni tangu asubuhi. Ya tano, ya nane. Ya tano, ya nane. Nimetafuta kila njia ya kuipenda ya nane. Nikajiambia watu wa redio hawatajua tofauti. Watajua. Anayepita na mkokoteni atajua. Kwenye ya tano kuna msichana anayeimba. Kwenye ya nane kuna msichana anayemridhisha mtu.

Na katika ya tano mimi simo.

Alasiri nimempigia. Mara zote yeye ndiye hupiga, kwa hiyo akashtuka, akauliza nani amekufa.

"Hakuna. Tuma ya tano."

"Ya tano nilifuta mama, simu ilijaa. Si ndio ile ulisema besi imezidi?"

"Ninayo. Nakurudishia sasa hivi."

"Na besi?"

"Haikuwa imezidi."

 Nyuma yake shangazi alikuwa akimfokea mbuzi.

"Sasa ulisema ya nini?"

"Ungemaliza. Ungemaliza, usinipigie tena."

"Wololo!" Hapo sauti yake ikapanda hadi noti iliyomshinda juzi. "Si ungesema tu? Ungesema, Awuor, nipigie, niko peke yangu. Ningepiga! Mimi nimeimba mpaka naongea kama chura. Binamu hanisalimii. Omena imeniozea nikiwa kwa hiyo ubeti yako ya pili. Na jina yako nimeweka!"

"Nimelisikia. Katika ya tano halimo. Tuma ya tano."

"Wewe ni mtu wa ajabu," akasema. Hakuongeza mama. Akakata.

Nimeutuma wimbo. Alama zimegeuka buluu, ameuona. Hajajibu.

Nilidhani nikisema ukweli nitajisikia mwepesi. Najisikia mjinga. Huenda baadaye.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya mwisho ya redio. Hajapiga. Sijui ametuma ipi, au kama ametuma.

Nimechoma kanzu kwa pasi. Kuna mwimbaji wa besi atakayevaa alama ya pasi mgongoni Pasaka nzima. Nitamwambia ni mtindo.

Jumatatu, 17 Machi

Grupu limejaa nyimbo, sijafungua hata moja. Wanauliza mkuu yuko wapi. Mmoja amesema labda amefariki. Mwingine: basi tumchangie jeneza. Mwingine: jeneza la nini, yule atasema mbao za kushoto zinasikika sana kuliko za kulia. Wamecheka. Hata mimi nimecheka. Nimewaacha wanizike kidogo.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Hakuna simu. Mara mbili nimesikia simu ikilia, na haikulia. Ugali nimesonga wa watu wawili, kama enzi za Owino; nusu imebaki.

Jumamosi, 22 Machi

Redio ipo kwa mwenye bucha, ng'ambo ya barabara. Nimehamishia cherehani mlangoni. Nimemwambia mama wa chapati natafuta mwanga.

Wamepiga wimbo wa kijana wa Kendu, kisha wa kina dada wawili, wazuri, wazuri kuliko nilivyotaka. Kisha gita. Nimelijua kabla mkono haujashuka kwenye nyuzi. Sauti ikaja mbele bila kusukuma mtu. Mwenye bucha akaacha kukata. Mwanamke aliyekuwa anasubiri nusu kilo akauliza, "Huyu ni nani? Huyu mtoto ni wa wapi?"

"Nyar Mbita," mwenye bucha akasema, kama aliyemlea.

"Na hujui hata jina yake."

"Si nimekwambia ni nyar Mbita? Nyamaza tusikie."

Gita likapunguza mwendo. Kile kicheko kikatoka. Ya tano. Majina yakapita: shangazi, binamu, wanawake wa ufuoni. Nilijua langu halimo, na bado nililingoja. Gita likarudi, watu wawili mbele ya bucha wakaanza kutikisa mabega, nami nikaendelea kukanyaga cherehani.

Sikuwa na la kurekebisha.

Alhamisi, 27 Machi

Ujumbe wa Awuor, asubuhi. "Nimechaguliwa. Naenda Migori Jumatatu." Hakuna mama mbele, wala nyuma. Nimejibu: "Hongera." Nikaandika mstari wa pili, nikaufuta. Nikaandika mwingine. Huo pia.

Mchana nimefungua grupu. Hawakushangaa kwamba nimefufuka. Kuna mgeni, mama mmoja wa Uriri, ametuma wimbo wake wa kwanza, wa kanisa, sauti na kayamba tu. Anauliza arekebishe nini. Ameandika maneno mengi, ya mtu mwenye jioni ndefu. Amesema hata akiambiwa arudie mara kumi atarudia, muda anao.

Nimeusikiliza mara moja. Nimemwandikia: "Wimbo umeisha. Usiguse kitu."

Akajibu asante, mkuu. Hajaandika tena.

Kanzu zote nimezikunja na kuzifunga. Mvua ilipoanza nilivua hedifoni, nikasonga ugali wa mtu mmoja. Safari hii haukubaki.