Wapagazi wa Udongo Niliowazamisha Lamboni

Mpendwa mshauri Bi Mwanaasha, mwangaluka, ndiyo salamu yetu Wasukuma, naomba msaada wako kwa aibu ambayo sijawahi kuwa nayo, mimi ni mama wa hapa Dutwa, niliishia darasa la saba ila barua hii naiandika mwenyewe kwa kidole kimoja kwenye simu, na nina binti anaitwa Kabula, miaka ishirini na sita, ambaye nasema bila kujisifu kwamba kichwa kama chake kuanzia hapa hadi Bariadi mjini hakuna, ana kibanda chake cha kutoa kopi na wateja wanamngoja yeye hata akichelewa.

Huyu Kabula anapenda vita vya zamani. Sio kupigana, hapana, hajawahi kumpiga hata mbuzi. Anasoma vitabu vya historia vinene kama tofali, anaangalia filamu za vita anazisimamisha katikati ananiambia mimi mama yake, "Mayu, bunduki hiyo ilikuwa haijatengenezwa bado," halafu vita hivyo anavicheza mezani, amechora ramani ya nchi yetu wakati Mjerumani na Mwingereza wanagombana, mito ni uzi wa bluu, vichaka ni pamba aliyoipaka rangi, na watu amewafinyanga kwa udongo wa mtoni, wadogo kama kidole gumba, unarusha dadu wanasonga. Na mkono huo wa kufinyanga kautoa kwangu, mimi ndiye niliyemfundisha kufinyanga ng'ombe wa udongo hata kusoma hajajua.

Wenzake wanaocheza michezo hiyo wanaweka askari tu. Yeye kaweka na wapagazi, mia moja na ishirini, kila mmoja na mzigo kichwani, na sheria yake ni kwamba wapagazi wakichoka jeshi zima linasimama. Wa mbele kabisa kamwita Maige, ni babu wa baba yangu, alichukuliwa kubeba mizigo ya vita hivyo na mpaka leo hatujui alilala wapi. Wacheza vita wa Mwanza wamemwalika akawaonyeshe Jumamosi ya wiki ijayo, Mwanza, mshauri, binti yangu mimi!

Sasa mdomo wangu. Nilisimulia kisimani, nikasimulia mashineni kwenye kusaga, mpaka wifi yangu Mhoja akaja kuona. Akasimama mlangoni.

"Wifi, hawa watu wana majina?"

"Wengine wanayo," nikajibu kwa maringo. "Huyu wa mbele ni Maige wetu."

"Maige marehemu? Mnamfinyanga marehemu mnamrushia dadu?" Akashusha sauti. "Na pamba yako mwaka huu ilivyozaa. Watu wakisikia una watu mia ndani wanakubebea mizigo, unadhani watasema nini?"

Watasema nafuga misukule, mshauri, kwamba nimeiba watu nawalimisha. Na kweli pamba yangu imezaa kuliko ya wote. Kabula akiwa kibandani nikawapanga kwenye beseni, nikajitwika hadi lamboni, nikawashusha mmoja mmoja. Hakuwa amewachoma, aliwakausha kivulini tu, basi wakalainika wakalala, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe wakaja wakanywa taratibu. Wabeba mizigo hao nilikuwa nimewabeba mimi kichwani njia nzima, na hilo lilinijia wakati wa kurudi na beseni tupu.

Kabula aliporudi nikamwambia bati limevuja, mvua imewayeyusha. Hakulia. Alinunua lami akapanda juu kuziba. Leo siku ya tatu anapanda, anazunguka kule juu, ananiita, "Mayu, mbona tundu lenyewe silioni?"

Na mimi sasa nikikaa kupepeta dengu, mchana kweupe, macho yanazama nawaona wanapita katikati ya pamba iliyochanua, miguu haitoi sauti, kila anayenifikia anauliza, "Mama, tushushe wapi?" Nafumbua mdomo, jibu hakuna. Maige simuoni kati yao, kwa sababu yeye nilishindwa kumzamisha, yupo ndani ya debe la dengu. Nimwambie binti yangu au ninyamaze? Hajawahi kunishika na uongo, ndiyo naogopa.

Mama Kabula, Dutwa

MSHAURI ANAJIBU:

Mama, unajisifu hata ukiungama! Sikulaumu, binti huyo anasifika. Majina nimekubadilishia, lakini Dutwa nzima watakujua kwa wapagazi, kwa hiyo mwambie kabla gazeti hili halijamfikia.

Hofu yako naielewa na siicheki. Neno kama la wifi yako limeshawachomea watu nyumba. Lakini ulimwogopa Mhoja, adhabu ukampa Kabula, na sasa binti yako yuko juu ya bati anatafuta tundu ambalo halipo. Akiteleza je? Mshushe leo hii. Usianze na "shangazi yako alisema". Anza na "mimi". Mtoe Maige kwenye dengu, mpe mkononi, halafu unyamaze, kwa mara moja katika maisha yako, umwache aseme atakachosema. Akikasirika, ana haki.

Kisha mwombe mwende mtoni pamoja. Beseni ni lilelile na wa kujitwika ni wewe. Ulimfundisha kufinyanga, sasa akufundishe yeye mtu anavyosimama na mzigo. Kufika Jumamosi hamtatimiza mia na ishirini. Aende nao pungufu, awaeleze wa Mwanza sababu. Hata wale wa kweli hawakufika wote.

Lakini kabla ya safari mwite Mhoja, mchana, mlango wazi, na mwenyekiti wa kitongoji awepo, waone ni mchezo na maneno yaishie hapo. Mpe wifi dadu arushe. Muulize katika ukoo wao ni nani aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi. Nadhani atataja jina. Mfinyangeni na huyo, asimame nyuma ya Maige.

Na hao wanaokupitia kwenye pamba wakikuuliza washushe wapi, jibu unalo sasa. Waambie mezani kwa Kabula.