Salamu Ambazo Idrisa Hakuzituma

Edmonton, London
Jumamosi jioni

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, toka hapo barazani, ingia chumbani kwako ufunge mlango. Mama akiuliza nimeandika nini, mwambie nimekuletea habari za baridi. Utakuwa hujadanganya, baridi ipo na nitaitaja. Mguu wako umepona? Watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Nasra kifua kilimbana wiki nzima, leo afadhali, na Rajabu yuko zamu ghalani tangu alfajiri.

Najua utashangaa, barua zama hizi. Lakini simu yako ndiyo simu ya Mama. Nikipiga unaweka spika, nikituma meseji mwanao anaisoma kwa sauti nyumba nzima isikie. Juzi nilikuomba utoke nje tuzungumze, nikamsikia Mama nyuma yako akiuliza huyo anaficha nini, nikakata. Basi barua hii anakuja nayo Mzee Karim, yule Mhindi wetu wa duka la dawa, mzaliwa wa hapo hapo Tanga, ambaye kila mwaka anakuja kuzuru kaburi la baba yake. Anaondoka kesho. Ameambiwa ndege itazunguka njia ndefu kwa sababu anga la upande wa vita limefungwa, na yeye anacheka tu kwamba atakula milo miwili. Mimi sina cha kuchekea.

Sasa nisikilize. Mdogo wetu Idrisa hayuko njia ya Mtwara na Ngazija kama mnavyojua hapo nyumbani. Ile meli anamopika imekodiwa kubeba ngano, na imepandisha juu, kwenye bahari ile ile mnayoiona kwenye taarifa ya habari, ambako meli zinapigwa. Aliniambia mimi peke yangu, wiki tatu zilizopita, akaniapisha nisimwambie Mama wala wewe. Nami nikaapa, mjinga mkubwa. Kila Ijumaa baada ya sala alikuwa ananitumia sauti yake, dakika moja hivi, ananitania kwamba Uzungu umenifanya nile viazi kutwa. Jumanne simu yake ikazima. Jana Ijumaa nimekaa na simu mkononi mpaka ikaisha chaji, sauti haikuja.

Na dunia haisimami ili mtu ahangaike vizuri. Mashine yetu ya kufulia imekufa, kwa hiyo asubuhi nimesukuma kigari chenye mablanketi ya nyumba nzima mpaka kwa dobi wa mashine za kulipia. Njia imeganda barafu, nikawa natembea kama ajuza, Nasra ananishika mkono eti nisianguke. Halafu tupitie kwa Mzee Karim tuchukue pampu ya pumu ya Nasra, halafu basi mpaka Tottenham kununua viatu vya shule, maana vyake vimeachama na juzi amerudi soksi zimelowa chapachapa. Kuahirisha hata kimoja haikuwezekana.

Hapo kwa dobi kuna televisheni ukutani. Nimeketi natazama blanketi langu linazunguka, nikainua macho, nikaona meli inawaka. Meli ya mizigo. Walisema imepigwa jana na mabaharia wanatafutwa, wa nchi mbalimbali. Jina hawakulitaja, na pale jina linapoandikwa palijaa moshi. Nilisimama karibu kabisa na ile televisheni kana kwamba nikisogea moshi utaondoka. Mama mmoja aliyekuwa anakunja mashati akaniambia ni jambo baya sana, sasa bei ya vyakula itapanda tena. Dada, nilitaka kumpiga kwa shati lake mwenyewe. Nikamjibu ndiyo, ni baya sana. Nikatoa mablanketi yangu kabla hayajakauka.

Ile namba ya wakala wa meli aliyoniachia Idrisa nimeipiga njia nzima. Inaita, hakuna anayepokea. Labda kwa kuwa ni Jumamosi.

Sasa nije kwenye kosa langu, ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tuko duka la viatu, Nasra ana kiatu mguu mmoja, Mama akapiga video. Akaniuliza moja kwa moja, mbona Idrisa kimya, Ijumaa imepita hajasikika. Nikasema Mama nipo dukani, sote wazima, Rajabu anakusalimu, Nasra anakusalimu, Idrisa anakusalimu.

Unajua sisi tunavyosema. Rajabu tangu anioe hajanituma salamu hata siku moja, na kila nikipiga simu nazifikisha. Wewe mwenyewe unaniletea salamu za Shangazi ambaye najua hamjaonana tangu Idi. Ni adabu, mdomo unajiendea, hakuna anayeuliza zilitumwa lini. Leo Mama akauliza.

"Kumbe amekupigia leo?"

Zuhura, uso wake ulipokunjuka pale, sikuweza kukana. Nikasema ndiyo, asubuhi. Akashukuru Mungu mara tatu, akasema sasa usiku ataupata usingizi, maana siku nne hizi amekuwa akikesha kwenye mswala akimwombea mwanawe. Nikamsikia anakuita ukachukue unga, atatoa sadaka kwa watoto wa madrasa. Akakata.

Nasra alikuwa ananitazama. Huyu Kiswahili chote anakielewa, ila hujibu Kiingereza tu. Leo alijibu kwa lugha yetu, polepole, anatafuta maneno.

"Mjomba amepiga lini?"

Nikamwambia hivyo ndivyo tunavyosalimiana watu wazima. Akafikiri, akaniuliza, "Lakini yeye alisema?" Nikamwambia avae kiatu cha pili. Muuzaji akauliza kama saizi iko sawa na mimi nikasema iko sawa bila hata kuangalia. Tumefika nyumbani vinambana, nitarudi navyo Jumatatu.

Jioni hii mmetuma ile picha ya video. Watoto wamepanga mstari na maandazi yao, Mama amejifunga kanga kiunoni anacheka, na wewe nyuma umeshika sinia. Nimeitazama nikiwa nimesimama jikoni na koti langu mwilini. Rajabu amerudi nikamweleza yote. Akasema nimwache Mama apate usiku mmoja wa raha, pengine kesho kijana atapiga mwenyewe. Nikamwambia huelewi. Kama Idrisa yuko majini sasa hivi ameshika ubao, leo ndiyo siku ya kumwombea kuliko siku zote tangu azaliwe, na mama yake mzazi nimemwambia alale. Akaenda kutandaza mablanketi kwenye vyuma vya kupasha joto.

Dada, naogopa. Kama yuko hai, nitaomba radhi kwa Mama na atanigombeza na yataisha. Kama si hivyo, Mungu apishe mbali, basi mimi ndiye niliyemfanya Mama acheke na kugawa maandazi siku ambayo mwanawe haonekani. Hilo sitalibeba. Sina nguvu hiyo.

Fanya hivi. Kwenye sanduku la Mama, chini ya zile kanga za Bibi, kuna nakala ya kitabu cha ubaharia cha Idrisa. Itoe, uende nayo ofisi ya wakala wa meli pale karibu na bandari, alikotia saini. Usikubali kuambiwa rudi kesho. Kaa mlangoni kwao mpaka wakusomee majina. Kisha nipigie kwa simu ya jirani, hata kama habari ni mbaya, hasa kama ni mbaya. Msinifiche kwa kuwa niko mbali, nakuomba.

Lakini kabla ya kutoka, nenda kwa Mama. Mwambie Saumu alidanganya. Mwambie Idrisa yuko wapi. Atalia, na atanilaani kidogo, mwache. Kisha mtandikie mswala.

Nimemwuliza kila mtu hapa kama ana salamu, nimewauliza kwelikweli. Rajabu aliona haya, akasema mpe Zuhura pole, na Mama shikamoo. Nasra anamsalimu Bibi yake, na yule paka mwenye jicho moja. Mzee Karim anakusalimu kwa mdomo wake mwenyewe, utamwona. Za kwangu mpe Shangazi, mwalimu wa madrasa na wote wanaoniuliza, na Mama mwambie naishika miguu yake.

Za Idrisa sina. Mama akikuuliza, usimpe.

Mdogo wako,
Saumu