Bomba Lililobisha Hodi

Leola, South Dakota

Kaka Verlyn,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Wifi Delphine na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila theluji imegoma kuondoka na ndama wanazaliwa humo humo. Mume wangu Milo ameinuka kitandani, sasa anatembea mpaka zizini. Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Mwaka mzima tumekaa kanisani kama watu wasiojuana, na mimi nimechoka, kaka.

Acha nianzie Pierre. Nilikwenda huko kwenye bunge la jimbo na jirani yangu Ortwin kuutetea mswada wa ardhi. Mbunge mmoja akaniuliza kama naelewa kwamba bomba litabeba hewa ukaa tu kutoka viwanda vya ethanoli, ikazikwe chini ya miamba huko North Dakota. Nikamwambia mheshimiwa, naelewa sana, maana kaka yangu anafanya kazi kwenye kiwanda kimojawapo na mahindi yangu ndiyo yanayopikwa humo. Nisichoelewa ni wapimaji wa kampuni ya bomba kuingia shambani kwangu na polisi, mume wangu mgonjwa kitandani, wakatoboa ardhi bila hata hodi. Watu walicheka.

Mswada ukapita. Sasa ni sheria: hakuna kampuni itakayomnyang'anya mtu ardhi kwa ajili ya bomba la hewa hiyo. Ortwin alilia, mzee mzima, akisema tumewakomesha. Nami nilifurahi, kisha nikakukumbuka wewe, furaha ikaingia shubiri. Si uliniambia bomba likikosekana kiwanda kitafungwa, ukaniuliza utakula nini, udongo wangu?

Basi mwezi uliopita akaja mama mmoja wa kampuni, peke yake. Alisimama getini mpaka nilipomwita. Nikamwambia sheria inaniruhusu kumfukuza. Akasema anajua, ndiyo maana amekuja kuomba. Lo, nilimsumbua! Nilitaka bomba lipite mbali na nyumba na bwawa la ng'ombe, lifukiwe chini zaidi, na likivuja hata kidogo nipigiwe simu kwanza. Akaenda, akarudi na ramani mpya, yote yamo.

Ndiyo, kaka. Nimetia saini jana.

Ortwin ameniita ndumilakuwili mbele ya watu wote, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, keki ya kuchen ikiwa bado mdomoni mwake. Nikamjibu kwamba nilichokataa ni kulazimishwa, bomba sikulikataa kamwe. Amenuna, hasira zitamwisha. Woga ninao, sikufichi, hewa ile si ya kuchezea. Lakini safari hii mkono ulioshika kalamu ni wangu.

Sikufanya kwa ajili yako, usivimbe kichwa. Haya, labda nusu yake. Nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kiwandani.

Mkumbatie wifi kwa niaba yangu, na watoto waambie shangazi yao amewakumbuka mno. Mungu akulinde kazini.

Ni mimi dada yako, ambaye hata siku moja hakukuchukia,

Arvella