Yule Asiyegeuka Nyuma

Mbeya, 4 Juni 2023

Yaya Jean-Luc,

Jambo sana, kaka yangu, na jambo kwa shemeji Carmen na batoto. Minye niko muzima, baridi tu ndiyo inanisumbua. Je, masikio yako? Tangu baruti za carrière ya mawe ziyaue, najua simu haikufai, basi karatasi hii nampa dereva Kitenge. Anarudi Likasi na lori yake kesho.

Kazi ya bureau ni ile ile, makaratasi ya malori ya shaba. Lakini nimepata bantu wa kutembea nao. Ni club ya kupanda milima, tuko tisa, na mukubwa wetu ni mwalimu Ambwene, mwenyeji wa hapa. Tarehe 17 tunapanda Rungwe. Ni mlima wa moto, yaya, ila moto wake ulizimika zamani. Sasa ni msitu, mianzi, na majani huko juu. Mwalimu ametuonya neno moja: ukungu ukishuka, kila mutu akae pale alipo. Upendo, mwenzangu wa bureau, alicheka. Alimzika bwana yake mwaka jana, na anasema ni kupanda tu kunamupatia usingizi.

Unijibu.

Mudogo wako,
Marlène

Likasi, 18 Juni 2023

Mudogo wangu Marlène,

Jambo. Carmen anakusalimia, batoto wako wazima. Barua yako ilifika vizuri.

Naandika mbio. Jana saa ine asubuhi, nikiwa kazini kwenye carrière, nilisikia sauti yako. Weye unajua hali yangu: hata kengele ya kanisa ninaijua kwa kuona bantu wanasimama. Lakini hii niliisikia wazi: «Yaya, unigojee.» Ilitoka nyuma yangu, karibu, sauti ya mutu aliyechoka kupanda. Niligeuka, hakukuwa mutu. Nilimuuliza chef wa kazi, nikamusoma midomo. Alisema hakuna aliyeita.

Carmen alijaribu simu yako tangu jana mpaka leo. Haipatikani. Kama uko muzima, andika. Kama barua hii inafunguliwa na mwingine, tafadhali aniambie kweli yote.

Yaya yako,
Jean-Luc

Mbeya, 2 Julai 2023

Yaya Jean-Luc,

Jambo sana. Tulia, ni minye mwenyewe ninaandika, na niko muzima. Simu yangu ilianguka kwenye mianzi.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikatafuta kiti. Saa ine yenu ni saa tano ya huku.

Saa hiyo tulikuwa tumetoka kwenye mianzi, tunatembea juu ya majani. Ukungu ulishuka. Niliinama kufunga kamba ya kiatu. Kuinua kichwa, wenzangu hakuna. Mbele yangu alikuwa mwanaume mumoja anatembea. Alikuwa na casque nyeupe ya carrière kichwani, na bega la kushoto limeshuka, kama lako. Kichwa changu kilijua uko Likasi. Miguu haikujua. Nilimufuata.

Nikaita, «Yaya, unigojee.» Hakugeuka. Niliita tena. Aliendelea na mwendo ule ule, na majani hayakulala chini ya viatu vyake.

Hapo ndipo nilikukumbuka vizuri. Njia yote ya shule ulikuwa unanigombeza kwa uvivu wangu, lakini unasimama. Hata siku moja hukuniacha nyuma. Nikajiambia, huyu si yaya yangu. Nikakaa chini kwenye majani yenye maji.

Naye akasimama. Hakugeuka; alisimama tu, kama mutu anayesikiliza hatua za mwenzake. Tulikaa hivyo, sijui muda gani. Ukungu ulipoondoka hakukuwa mutu, na pale aliposimama hakukuwa ardhi. Ni ukingo wa lile shimo la zamani la moto, chini hakuonekani. Kwangu zilibaki hatua ine.

Mwalimu alinipata. Hakuuliza nimeona nini. Aliuliza, «Ulimwita?» Nikamwambia ndiyo. «Aligeuka?» Nikasema hapana. Akafumba macho kidogo, halafu akasema tushuke.

Mudogo wako,
Marlène

Likasi, 20 Julai 2023

Mudogo wangu,

Jambo. Tumemushukuru Mungu, Carmen alilia sana.

Kuna kitu nilikuficha. Siku ile king'ora cha baruti kilikuwa kimelia, wenzangu wote wamejitenga. Minye niliwapa mugongo, sikuona. Nilikuwa ninatembea kuelekea kwenye mwamba. Sauti yako iliponiita, nilisimama kukugojea. Jiwe lilianguka mbele yangu, kubwa kuliko mlango.

Kazi ile nimeiacha. Sasa tunaleta samaki wa ziwa Tshangalele kuuza mjini.

Lakini sina amani. Mutu yule alitembea saa nilipotembea, akasimama saa niliposimama. Usipande tena huko, Marlène, hata na club yote.

Yaya yako,
Jean-Luc

Mbeya, 22 Agosti 2023

Yaya Jean-Luc,

Jambo kwenu wote. Mwili ni muzima, roho hapana.

Minye sikupanda. Wenzangu walipanda tarehe 12, na Upendo alikwenda. Nilimusihi mpaka akanikasirikia. Ukungu ulishuka pale pale. Mwalimu alisikia Upendo anamwita bwana yake, marehemu, anaita na kuita. Halafu alimusikia anacheka, cheko la mutu aliyegeukiwa mwishoni.

Walimutafuta siku sita. Walipata viatu vyake kwenye ukingo, vimepangwa pamoja kama mbele ya mlango wa nyumba. Mwalimu amefunga club.

Tangu juzi ninamwona Upendo njiani, mbele yangu, na koti lake la kijani. Simwiti. Ninaingia dukani, ninakaa mpaka apotee.

Narudi nyumbani, yaya. Ijumaa natoka na Kitenge; barua hii inatangulia na dereva mwingine. Unigojee kwenye parking ya malori, uje na Carmen, usije peke yako. Ukiona mwanamke mwenye mwendo wangu anakupita, umwite jina langu mara moja tu; mutu muzima atageuka. Asipogeuka, usimufuate. Ukae pale pale.

Minye nitakuwa ninakuja nyuma.

Mudogo wako,
Marlène