Wanasema Nimenona

Jumamosi jioni, Nyalukemba. Mvua tangu asubuhi, ziwa halionekani, nguo za watoto zimegoma kukauka. Na mimi moyo wangu umelowa vilevile.

Nimenona. Kila mtu ananiambia, na kila mtu anafurahi. Kazini, kanisani, barabarani, wanawake wananishika mkono na kusema bwana yangu ananitunza hata akiwa mbali, ona mashavu. Huku kwetu mwanamke aliyenona ni mwanamke mwenye amani. Ninacheka pamoja nao.

Sina amani.

Bwana yangu alikwenda Lubumbashi kutafuta kazi, baada ya ofisi yake kufungwa wakati mambo ya mji yalipogeuka. Mwanzoni alipiga simu kila jioni. Baadaye mara moja kwa juma. Tangu Pasaka, kimya. Nikimpigia, simu imezimwa.

Na mimi ninakula. Ninafundisha asubuhi, watoto wangu wanasoma mchana, kwa hiyo nikirudi nyumba ni yangu peke yangu. Ninasimama jikoni, hata koti sijavua, ninafunua sufuria ya jana. Bugali baridi, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, mkate, chochote kilichobaki. Si njaa. Ni kama shimo, na ninalijaza. Jioni ninapakua tena na kula na watoto kana kwamba sijagusa kitu.

Alhamisi kichwa kilinigonga sana, nikaenda kituo cha afya. Muuguzi alinipima tansio, presha ya damu, akanipima tena, kama asiyeamini mashine yake.

"Maman, tansio iko juu. Chumvi na mafuta, upunguze. Na roho, iko inapumzika?"

Nikasema ndiyo, inapumzika. Nje ya geti nikanunua bitumbura, vile viandazi vya mafuta, nikavila nikitembea, vya moto bado, vikiniunguza ulimi.

Leo mama mkwe amekuja kutoka Kabare na maharagi na mkungu wa ndizi. Niseme ukweli: nilikuwa sitaki aje. Nilikuwa namwonea wivu. Kila tukizungumza kwa simu ananiambia mwanawe amempigia, anasema ni mzima. Nami ninamjibu kwamba hata mimi amenipigia. Ningesema nini? Kwamba anampigia mama yake na mimi ananiruka? Nimekuwa nikipika, nikifundisha, nikifua, huku ninajiuliza nimemkosea nini mtu huyu.

Alipofika mlangoni alinitazama juu mpaka chini, akapiga makofi.

"Ona vile umenona, Mama Espoir! Aksanti Mungu. Mutoto wangu iko anakuchunga muzuri."

Yeye mwenyewe amekonda. Mabega yametokeza, kitenge kinamzunguka kama kimefungwa kwenye mti. Nikadhani ni kazi ya shamba.

Nilipika kama muuguzi alivyosema: maharagi bila mawese, mchicha wa lengalenga, visamaki vya sambaza vya kuchemsha, bugali kidogo. Watoto walinung'unika, wakala, wakakimbilia kwa jirani. Mama mkwe alikata tonge, akalizungusha kwenye vidole, akalirudisha. Kisha akaisukuma sahani yake mbele yangu.

"Kula wewe, mama. Wewe njo uko na nguvu."

Nilikuwa nimeshiba. Lakini mkono wangu ulinyooka wenyewe, ukaivuta ile sahani. Nikautazama mkono huo, na kitu ndani yangu kikachoka kabisa.

"Maman, hii haiko afya. Hii ni mawazo. Mutoto wako hajaniita kwa simu tangu Pasaka. Nilikuwa nakudanganya."

Nilifikiri atakasirika. Alijifuta vidole kwa kona ya kitenge, polepole, kimoja kimoja.

"Na miye hajaniita," akasema. "Nilikuwa nasema vile juu usiogope. Chakula hainishuke tena. Inabakia hapa." Akagusa koo.

Basi tukalia, yeye na mimi, kama watu waliopata habari mbaya, ingawa hatukuwa na habari yoyote.

Asubuhi nilikuwa na wivu. Sasa nina hofu, na hofu ni mbaya zaidi. Wivu ule ulikuwa unaniambia kila siku kwamba yuko mzima mahali fulani, anacheka na mama yake kwenye simu.

Mama mkwe ndiye aliyeacha kulia kwanza. Akairudisha sahani katikati, akaniambia tule. Tukala kwenye sahani moja, bila haraka. Alimeza tonge, akangoja, akameza jingine. Mimi niliacha nilipoona inatosha. Sikumbuki mara ya mwisho tumbo langu liliniambia inatosha nikalisikia.

Espoir, binti yangu mkubwa, aliingia akauliza kwa nini macho yetu ni mekundu. Nilianza kusema ni moshi wa mbabula, jiko letu la makaa. Bibi yake akanikatiza.

"Tuko tunafikiri papa yako."

Nilishtuka. Katika nyumba hii jina la papa, baba yao, lilikuwa halitajwi tena, nilidhani ninawalinda. Espoir alikaa katikati yetu, akajibana.

"Na miye," akasema.

Tangu aanze, hajanyamaza mpaka sasa. Ninamsikia chumbani akimwuliza bibi yake papa alikuwaje alipokuwa mdogo, na bibi anamsimulia.

Kesho baada ya misa tutapanda hadi mtaa wa Cimpunda, kwa mke wa fundi aliyesafiri pamoja na bwana yangu. Labda yeye anajua kitu. Ninaogopa atakachosema. Ninaogopa pia asipokuwa na la kusema.

Mama mkwe anataka twende na tumbo tupu, kama mfungo, tule tukirudi. Nimemkatalia, na sijawahi kumkatalia jambo. Tutakunywa uji kwanza. Yeye atamaliza kikombe chake. Mimi sitaongeza cha pili.