Hoja za Kutoka Jumuiya

Sudi, ndugu yangu,

Salamu ya makaburini nilikupa Ijumaa, pamoja na Yasini. Hii ni nyingine. Hii naandika kwa sababu nimeharibu, Sudi, nimeharibu vibaya, na aliyekuwa akijua kuniokoa na mdomo wangu ni wewe peke yako.

Ni lile suala letu la Jumuiya. Nchi itoke, isitoke. Miezi miwili mizima barazani kwetu Mkunazini, kila baada ya alasiri, mimi nasema tutoke na wewe unasema tubaki, mpaka wenzetu wakawa wanaacha karata kutusikiliza. Nilisema sufuria za majirani zinaingia bila ushuru na mafundi wetu wanakufa njaa. Nikasema sisi wa visiwani mle ndani ni wageni wa wageni, tumekaribishwa mkekani lakini sinia halitufikii. Watu walicheka mpaka muuza kahawa akamwaga. Wewe ulingoja kicheko kiishe, ukasema, "Makame, mlango ukiufunga wewe kwa nje, siku ya kurudi utabisha hodi, na atakayeamua ni aliye ndani." Nikakujibu kuwa hiyo ni methali, si hoja. Ukakasirika hasa. Ukaniuliza tukibaki peke yetu nani atatusikiliza, ukanambia hata kwenye ugomvi ni bora uwe chumbani kuliko dirishani.

Kisha ukainuka, ukaikung'uta kanzu yako nyuma kama kawaida, ukasema, "Nshakung'uta. Yaliyosemwa yabaki hapahapa." Ndiyo ada yetu tangu ujana. Ubishi wa barazani mtu hauchukui kwenda nao kwake.

Mimi niliuchukua.

Mwezi ulikuwa haujatimia tangu tukuzike, mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyabiashara wadogo alinijia dukani Mwanakwerekwe. Chama kimetakiwa kitoe maoni yake kwa maandishi kuhusu Jumuiya, yapelekwe juu, naye alikuwa amesikia habari za ulimi wangu. Akaniomba niandike. Ningekataa, lakini nilikuwa sina pa kwenda alasiri. Barazani siwezi kupita nikaona mahali pako pako tupu. Basi nikakaa nyuma ya sufuria zangu na kalamu. Nikiandika sentensi nakusikia ukinipinga, nakujibu, unanipinga tena. Kurasa sita, Sudi. Nilicheka peke yangu mle dukani, wateja wakadhani nimerukwa na akili. Niliandika vizuri kuliko nilivyowahi kuandika maishani, kwa sababu nilikuwa na wewe.

Wakazipenda, wakazitolea nakala. Vijana wakazipiga picha na kurushiana kwenye simu mpaka zikavuka maji. Jumamosi hii zinapitishwa ziwe kauli ya chama chote.

Juzi nilikwenda Chukwani kumjulia hali mkeo, Bi Zuhura. Bado yumo edani, tulizungumza yeye yuko nyuma ya pazia. Nilimsikia anavuta uzi. Anadarizi kofia mule mule ndani, na wale wanawake wa Makunduchi bado wanamletea za kwao, kama wakati ule ulipokuwa ukizipeleka Mombasa mwenyewe. Lakini mnunuzi wako wa Mombasa amempigia simu. Amesema hachukui tena kwa sasa, amesoma kuwa wafanyabiashara wa Unguja wenyewe wanataka kutoka, na tukitoka kofia zitatozwa ushuru na yeye hataweza kuziuza. Anangoja aone tunaelekea wapi.

"Zimejaa chumba kizima, shemeji," mkeo aliniambia. "Watu wa Makunduchi nawaambia nini? Hawana jengine."

Akaendelea kuvuta uzi wake, halafu akauliza, "Huyo aliyeandika vile, kwao hakuna mjane?"

Nikasema, "Sijui, Bi Zuhura." Nilisema hivyo. Mimi, niliyekula chakula chake miaka yote ile. Nikaaga, nikatoka nje, nikasimama ukutani kwenu kama mwizi.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, nikamwambia arudishe karatasi zangu. Akacheka. Nikamweleza habari za kofia, nikamweleza soko la Mombasa na la Kampala, nikasema yote niliyoyakumbuka katika maneno yako. Nikafika mpaka kwenye ule mlango unaofungwa kwa nje. Unajua alinijibu nini? "Bwana Makame, hiyo ni methali, si hoja. Umeandika mwenyewe, ukurasa wa nne." Nimekushinda, Sudi. Nimekushinda kabisa, na sasa natafuta mtu wa kunishinda mimi, simpati. Hoja zako zilikuwa na nguvu ulipozisema wewe. Nikizisema mimi zinaanguka.

Nikisali nasahau nimefika rakaa ya ngapi. Siku zimebaki tatu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuambia ulipokuwa hai. Sikuamini hata siku moja kwamba tutoke. Nauza sufuria, si mjinga, najua nusu ya wateja wangu wanakula kwa biashara ya ng'ambo ile. Ila ulikuwa umeanza kuumwa. Ulikuwa unakuja barazani, unakaa kidogo, unaaga, nami nakutazama unavyokwenda umeshika ukuta. Siku ile ya kwanza ulikuwa umeshavaa makubadhi. Nikasema tu, kwa sauti, "Mimi naona bora tutoke Jumuiya." Ukageuka. Ukavua makubadhi, ukakaa tena, ukabishana na mimi mpaka adhana ya magharibi, na uso wako ukapata damu. Basi nikajua dawa. Kila siku nikawa natafuta hoja mpya, asubuhi nzima naitunga, kali kuliko ya jana, ili ukija usiweze kuondoka.

Hoja ya kuwajibu nayo Jumamosi sina. Nina hili tu. Nitatangulia Chukwani nimwambie mkeo kuwa mwandishi ni mimi, anitukane apendavyo. Kisha nitakwenda mkutanoni.

Kwaheri, Sudi. Mola akutilie nuru kaburini na akupanulie, na mimi anipe miguu ya kusimama. Nakuahidi nitasimama mbele yao wote na mvi zangu hizi, wakicheka na wacheke, niwaambie kuwa zile kurasa sita si maoni ya mtu yeyote. Ni mtu tu alikuwa hataki rafiki yake aende nyumbani.

Ndugu yako,
Makame